Breki za Corolla ya Baba: laini asubuhi, ngumu mchana

Jumamosi, usiku

Leo nusura nimgonge mwenye bajaji pale Buguruni. Foleni ya Barabara ya Mandela ilikuwa ile ya kusogea hatua mbili na kusimama, jua la saa nane, na Corolla ya Baba ilikuwa inakwenda vizuri tu. Kwenye kusimama kwa nne au kwa tano pedeli ya breki ikagoma. Haikuzama, iligoma, kama mtu aliyeweka jiwe chini yake. Nikaisukuma kwa nguvu zote mpaka kiti kikalia mgongoni, gari likasimama likiwa limebakiza nafasi ya kupita paka. Mwenye bajaji hata hakugeuka. Jasho lilinitoka peke yangu.

Nilipofika nyumbani Tabata nikaegesha uani na kukanyaga tena. Laini kabisa.

Kwa kumbukumbu: gari ni Toyota Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290, ya kabureta. Mbele diski, nyuma dramu. Kizazi hiki ndicho cha mwisho ambacho Corolla zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na Baba hukitaja kila akiona Corolla mpya inapita, kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Ila tangu Baba aache kuendesha usiku, gari limekuwa mzigo wangu.

Nina wiki nne. Mjukuu wake mmoja anaolewa Iringa, na Baba ameshasema hapandi basi, atakwenda na gari lake. Maana yake ni Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Iringa. Kupanda Kitonga sina shida nako. Kushuka ndiko kunakoninyima usingizi.

Fundi wa kona aliliangalia jioni kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. "Mwalimu, haidrovaki imekufa hiyo. Tafuta nyingine, laki na themanini unapata ya mtumba nzuri." Hakufungua boneti.

Jumapili, asubuhi

Kabla ya kutoa laki na themanini ya mtu, lazima nijue ninatibu nini.

Neno "haidrovaki" lenyewe lina safari yake. Lilikuwa jina la kifaa cha kampuni ya Bendix ya Marekani, cha kwenye malori, kilichofungwa mbali na pedeli, katikati ya mabomba ya mafuta ya breki. Kilichopo kwenye Corolla ni kitu kingine: busta, lile dramu jeusi la bati lililokaa kati ya pedeli na masta ya breki, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki. Lakini mafundi wetu wameshayapa yote jina moja, na ukienda Gerezani ukaomba haidrovaki ya KE70 hakuna atakayekuletea ya lori la Fuso.

Ndani ya busta kuna kiwambo cha mpira kinachoigawa vyumba viwili. Injini inapovuta hewa yake kupitia kabureta, inanyonya pia hewa ya humo kupitia mpira mmoja mnene, na vyumba vyote viwili vinabaki na ombwe, au vakyumu kama wasemavyo gereji. Ukikanyaga, vali ndogo inavitenga vyumba hivyo, halafu inaruhusu hewa ya nje iingie chumba cha upande wa dereva. Mbele ombwe, nyuma hewa ya kawaida, na hewa inasukuma. Kwa hiyo anayekusaidia kusimamisha gari ni kanieneo, yaani shinikizo, ya hewa ya Dar es Salaam. Injini kazi yake ni kumwondolea mpinzani tu.

Nguvu yenyewe si ndogo. Busta ya Baba ina kipenyo cha karibu sentimita 18, eneo la kiwambo ni kama sentimita za mraba 250. Injini nzima ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, usawa wa bahari huvuta ombwe la inchi 17 hadi 21 za zebaki. Chukua 19: inatoka kama uzito wa kilo 160 unaoongezwa kwenye mguu wako. Zikiondoka hizo, breki bado zipo, lakini unabaki wewe na paja lako.

Nikafanya majaribio matatu ambayo kila kitabu cha matengenezo kinayo. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa msaidizi.

La kwanza: injini imezimwa, kanyaga mara tano mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie hapohapo chini, washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Ilizama. La pili: acha injini iunguruke dakika mbili, zima, kanyaga polepole mara tatu. Kanyago la kwanza liende chini, la pili liwe juu zaidi, la tatu juu zaidi, maana ombwe lililohifadhiwa linaisha kidogokidogo. Ikawa hivyo. La tatu: injini inaunguruma, kanyaga na ushikilie, zima injini, hesabu sekunde 30 bila kuachia. Pedeli ikikusukuma mguu juu, kuna mahali panavuja.

"Mjomba, haijasogea," mpwa akasema.

Haikusogea. Nikasikiliza kwa sikio chini ya dashibodi kama kuna mlio wa kufyonza hewa mtu akikanyaga. Kimya. Sailensa haikubadilika.

Nikasema labda ni kwa sababu injini imepoa. Nikaiacha iunguruke dakika 40, feni ya rejeta ikipuliza joto uani kote, nguo za mama mpwa zikikauka upesi kuliko kawaida. Nikarudia yote matatu. Imefaulu yote matatu.

Sasa mimi ni mwalimu. Mwanafunzi akifaulu jaribio darasani na kufeli mtihani, kosa huwa si lake peke yake. Lakini leo sikuona kosa la jaribio liko wapi.

Jumanne

Baba ameshaongea na fundi. "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na minane. Unataka niteremke Kitonga na majaribio yako?" Nimeinamisha kichwa. Hela ameshazitoa.

Jumamosi

Busta ya mtumba imenunuliwa na leo tumeifunga. Nasema tumeifunga, lakini nati nne za upande wa pedeli nilizifungua mimi, nimelala chali, miguu iko kwenye kiti, kichwa chini ya dashibodi, taa ya simu mdomoni. Fundi hakuwa na mwili wa kuingia humo. Chomoa klipu, toa pini inayounganisha pedeli na fimbo, nati nne, kisha huko mbele, chini ya boneti, vuta masta pembeni taratibu bila kukunja mabomba, na busta inatoka.

Ya zamani nikaiweka juu ya gunia. Nikachukua kijiti, nikakiviringishia karatasi ya chooni, nikakiingiza kwenye tundu la mbele linalotazamana na masta. Nilitaka kujua kitu kimoja: kama masta inavuja kwa nyuma. Masta ikichoka mpira wake wa nyuma, mafuta ya breki huingia ndani ya busta bila kudondoka hata tone chini, na mwenye gari hubaki akijaza kopo kila wiki akishangaa yanakwenda wapi. Dalili yake nyingine ni rangi kubanduka kwenye bati chini ya masta, kwa sababu mafuta hayo hula rangi.

Karatasi ikatoka kavu. Na vumbi kidogo. Rangi ya busta haijabanduka.

Nikamwonyesha fundi. Akasema, "Mwalimu, hiki kifaa kimekufa kiwambo, huwezi kuona kwa karatasi." Nilikuwa na la kusema, lakini Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni anatutazama.

Tukafunga ile nyingine. Mpira wa ombwe tukaurudisha uleule. Naliandika hili sasa bila maelezo, litarudi.

Jumapili, usiku

Mambo yameharibika zaidi.

Nilitoka kwenda Segerea na kurudi. Njiani gari likawa zito, kama linakokota kitu. Nikadhani gia. Nilipofika nyumbani harufu ikanijulisha: ile harufu kali ya pedi zilizoungua. Rimu za mbele hazishikiki kwa mkono. Pedeli iko juu kabisa, haina ule mchezo wa milimita chache unaoutaka kabla haijaanza kuuma. Sukuma gari kwenye sakafu ya saruji, halisogei.

Likapoa, likajiachia. Nikaendesha tena kidogo, likashika tena. Basi nikalipandisha jeki mbele, nikaweka stendi, na kuanza kulibana kwa maswali.

Swali la kwanza: kinachoshika ni chuma kilichokwama kwenye kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), au ni mafuta yaliyofungiwa ndani yanaendelea kusukuma? Jibu linapatikana kwa kufungua nipeli ya kutolea upepo. Nikaifungua robo ya mzunguko. Mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka kwa kidole. Kwa hiyo kalipa ni nzima. Kuna shinikizo lililokataa kurudi.

Swali la pili: limekataa kurudi kwa sababu ya nini? Nikafunga nipeli, mpwa akakanyaga mpaka gurudumu likashika tena. Safari hii sikugusa nipeli. Nikalegeza nati mbili zinazoishikilia masta kwenye busta, nikaivuta mbele milimita mbili hivi. Gurudumu likaachia.

Hilo ndilo jibu, na lilinifanya nicheke peke yangu chini ya boneti. Fimbo ya busta ya mtumba ni ndefu mno. Ndani ya masta kuna tundu dogo ambalo mafuta hurudia kwenye kopo pistoni ikiwa imerudi mwisho. Fimbo ikiwa ndefu, pistoni haifiki mwisho, tundu linabaki limezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda. Yanazibana pedi zaidi, pedi zinatoa joto zaidi. Gari linajifunga breki lenyewe.

Jumatano

Nimeazima vernia ya maabara, ya kupimia sehemu za milimita (nimesaini daftari). Kimo cha fimbo kutoka kwenye uso wa busta, na kina cha kishimo cha pistoni kutoka kwenye uso wa masta: fimbo imezidi milimita 1.4. Kinachotakiwa ni fimbo ibaki fupi kidogo, nafasi ya kama nusu milimita. Ikizidi fupi nayo ina tabu yake, pedeli inakwenda chini bure kabla haijaanza kazi.

Ili kuhakikisha, nilichukua donge dogo la unga wa chapati jikoni, nikalibandika kwenye ncha ya fimbo ya busta ya zamani, nikaikutanisha na masta, nikaibana, nikaifungua. Unga ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi nene. Hiyo ndiyo nafasi, na fundi aliyeipima kiwandani alijua alichokuwa akifanya. Busta ya zamani inalingana na masta hii tangu 1982.

Ile ya mtumba ingeweza kurekebishwa, ncha yake ina nati. Lakini nilijiuliza kwa nini nihangaike na mgeni wakati mwenyeji sijamwona kosa. Nimeirudisha ya zamani. Muuzaji amesema kilichouzwa hakirudi. Laki na themanini imekaa juu ya kabati la stoo, inang'aa.

Breki hazijifungi zenyewe tena. Na leo jioni, pale Buguruni tena, foleni, kanyago la tano: jiwe.

Afadhali. Sasa najua nina ugonjwa mmoja tu, na ni uleule wa mwanzo.

Alhamisi, chumba cha walimu

Nimepata. Au nadhani nimepata.

Shuleni tuna simtanki la lita elfu tano. Asubuhi limejaa. Saa sita mchana wanafunzi wanalalamika maji hayatoki. Mkuu wa shule akaita fundi bomba atafute linavuja wapi. Fundi akafunga koki zote, akaweka alama ya chaki, akasubiri saa moja: maji hayakushuka. Halivuji. Leo akaja na jibu jingine: bomba linalolijaza limeota kutu ndani, limebaki tundu la kupita penseli. Usiku kucha linajaza taratibu na asubuhi linaonekana zima. Mchana wanaolitumia wana kasi kuliko linavyojazwa.

Nikaweka chaki chini.

Yale majaribio matatu yote yanauliza swali moja: je, busta inatunza ombwe? Hakuna hata moja linaloiuliza inalipata upya kwa kasi gani. Kila jaribio linaisubiri. Dakika mbili, sekunde 30, washa, ngoja. Foleni ya Buguruni haisubiri. Kila ukikanyaga na kuachia, hewa iliyoingia upande wa dereva inahamia chumba cha mbele, na injini inapaswa kuinyonya upya. Ikichelewa kunyonya, kanyago la pili lina msaada mdogo, la tatu mdogo zaidi, la tano hakuna.

Kilichobaki kati ya injini na busta ni vitu viwili: vali ya njia moja, na mpira. Ule tuliourudisha.

Jumamosi

Siku ya maana kuliko zote.

Jirani yangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Zile geji zake mbili, nyekundu na ya bluu: ya bluu inasoma chini ya sifuri pia, mpaka inchi 30 za zebaki. Kwa kazi yangu haina mfano. "Jirani, ukiniingizia petroli humo utaninunulia nyingine," akasema, akanipa na kiungo cha shaba cha njia tatu. Nimeahidi.

Kwanza nikaunga geji upande wa manifoldi, bomba ambalo injini inavutia hewa. Sailensa, injini ya moto: inchi 17, na mshale unacheza kidogo. Si mbaya, lakini nilitaka bora kabla ya kumlaumu mwingine. Nikapima nafasi za vali, mbili za moshi zilikuwa zimebana. Nikaziweka zote upya, milimita 0.20 ya kuvuta hewa na 0.30 ya moshi, injini ikiwa ya moto. Mshale ukapanda 19 na kutulia.

Kisha nikahamisha kiungo mpaka mdomoni mwa busta, mwisho wa mpira.

Injini ya baridi: 19. Mpwa akakanyaga na kuachia: mshale ukaanguka 12, ukarudi 19 kabla sijamaliza kusema "mbili". Tena: vilevile.

Tukaacha injini iunguruke dakika 40. Imesimama: 19, kama kawaida. Ungeapa hakuna tatizo. Mpwa akakanyaga na kuachia. Mshale ukaanguka 12. Ukakaa. Ukaanza kutambaa. Sekunde kumi, uko 14.

"Kanyaga mara tatu harakaharaka!"

"Mjomba, imekuwa ngumu!"

Geji inasoma 5.

Nikainama kuutazama mpira kwa tochi, kule unakopita nyuma, karibu na manifoldi ya moshi. Mpira ulikuwa umejibana ukawa bapa, kama mrija wa juisi ya boksi mtoto anaponyonya za mwisho. Ukiugusa kwa bisibisi ni laini kama ulimi. Ukipoa unakakamaa na kuwa mzima.

Nilipoutoa nikaelewa kila kitu. Si mpira wa ombwe. Ni mpira wa petroli, mwembamba, hauna uzi ndani, umewekwa na mtu miaka mingi iliyopita kwa sababu uliingia na klipu zikabana. Mpira wa petroli umetengenezwa kuzuia kitu kinachosukuma kutoka ndani. Huu unabanwa kutoka nje. Kazi mbili tofauti.

Vali ya njia moja niliipuliza kwa mdomo: upande mmoja inapita, wa pili haipiti. Nzima. Nikaiosha masizi na kuirudisha, mshale wake ukielekea injini. Ukiigeuza, injini haiwezi kunyonya kabisa na pedeli inakuwa jiwe tangu asubuhi. Hilo nalo nimeambiwa huwapata watu.

Mpira mpya nimeupata kwa mafundi wa malori, mnene, una tabaka la uzi, kipenyo cha ndani sawa na mdomo wa busta. Sentimita 70. Shilingi elfu tisa. Nimeupitisha mbali na manifoldi ya moshi na kuufunga kwa klipu ya bati kwenye ukuta.

Dakika 40 za joto. Kanyaga, achia: 12, halafu 19 papo hapo. Mara tatu harakaharaka: haikushuka chini ya 11. Mara kumi. Mpwa alichoka kabla ya busta.

Jumapili

Kazi ndogondogo. Viatu vya breki vya nyuma vilikuwa vimeachia nafasi kubwa, nimevisogeza mpaka vinagusa dramu kidogo, pedeli ikapanda. Mafuta ya breki yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Nimeyatoa yote na kuweka mapya ya daraja la DOT 4. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kuwanywesha wote. DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji kiwango kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ni ya mtu kufika au kutofika, kwa sababu yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanyika, pedeli inakwenda chini mpaka kwenye zulia.

Tukaenda Pugu kujaribu, geji imepitishwa dirishani, mpwa anasoma kwa sauti. Kwenye mteremko nikiwa gia ya pili, mguu nimeutoa kwenye mafuta, akasoma 22. Nikamwambia arudie. 22. Kabureta imefungwa na magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu, ndipo inaponyonya kuliko wakati wowote. Madereva wanaoshuka mlima wameweka nyutro na kuzima injini ili kuokoa petroli wanajinyima vyote viwili: injini kushika gari, na ombwe. Wanabaki na makanyago mawili matatu ya akiba.

Jumamosi, Iringa

Tumefika salama. Baba aliendesha kutoka Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni, akaniachia mlima.

Asubuhi hii akachukua gari kwenda kununua mkate, akarudi uso umekunjwa. "Mwanangu, breki zako zimerudia ugonjwa. Zimekuwa nzito."

Moyo ulinipasuka. Nikatoa geji kwenye buti (nilikuja nayo, jirani hajui). Nikafunga kiungo, nikawasha. Sailensa: 14. Kanyaga, achia: mshale unaanguka na kurudi 14 palepale, haraka, hauchelewi hata kidogo.

Nikacheka, Baba hakucheka. Nikamweleza. Iringa mjini ni kama mita 1,550 juu ya bahari. Kila mita 300 unazopanda, ombwe linapungua kama inchi moja, kwa sababu hewa yenyewe ya nje ni nyepesi. Inchi tano zimebaki njiani kati ya Dar na hapa. Zile kilo 160 zimekuwa kama 118. Gari halina kosa, limepanda mlima tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nikiteremka zinarudi?"

"Zinarudi, Baba."

"Basi kesho Kitonga nateremsha mimi."

Jumatatu, Tabata

Aliteremsha yeye. Gia ya pili tangu juu mpaka chini, nyuma ya lori la mbao, hakuligusa bega la barabara hata mara moja. Breki alizitumia kwa vituo: anakanyaga, anapunguza, anaachia zipoe. Hajui neno kanieneo wala hajawahi kusoma geji. Chini, Ruaha Mbuyuni, alisimama kununua vitunguu, akaweka mkono kwenye rimu ya mbele, akautoa taratibu, akaniambia ina joto la chai ya kunyweka.

Geji imerudi kwa jirani, haina petroli. Vernia imerudi maabara. Fundi wa kona ameniomba nimwonyeshe ule mpira wa zamani. Ameukunja, ameunyoosha, akaomba abaki nao. Baba ameuliza ile busta ya juu ya kabati tunaifanyia nini. Nimemwambia kuna mtu Kimara ana KE70 anatafuta. Nikimpata nitaipima fimbo kwanza.